Zamu ya Saa Tano Usiku

Mlango wa studio bado unagoma pale pale:
uuinue kidogo, kisha usukume kwa goti.
Meneja wa sasa ni kijana. Alinipigia, akasema,
"Dada Ndeshi, redio ya chuo inatimiza miaka ishirini.
Njoo Jumamosi moja tu, upige ulichokuwa unapiga."
Hakujua nilichokuwa ninapiga.

Ukutani trei za mayai, zile zile
tulizoombaomba kwa Mama Haikasia wa Kiborloni
tukazibandika kwa gundi ya uji wa ngano.
Mende wamekula gundi.
Trei zimebaki kwa ukaidi tu.

Kanda zilikuwa uvunguni kwa mama, Kibosho,
kumi na tisa, moja imetafunwa na panya.
Nakaza utepe kwa peni. Naanza na ile isiyo na ngoma.

Sauti moja, ndefu, kama friji
ambayo hujui inaunguruma
mpaka umeme ukatike.
Inakaa. Haina haraka ya kwenda popote.
Chini yake inaingia nyingine, polepole,
kama ukungu wa Julai ukishuka mpaka Njoro,
taa zinapotea, mbwa wanabweka
bila uhakika wa wanachokibwekea.

Mwaka ule simu ya mezani ililia dakika ya nne.
"Halo, redio? Mitambo yenu imeharibika."
Haijaharibika, mzee. Ni muziki.
Kimya.
"Sasa muziki wenyewe unaanza saa ngapi?"
Umeshaanza.
Akakata.

Alikuwa mlinzi kwenye kinu cha kukobolea kahawa,
Mzee Aminieli. Jina nililijua baadaye,
kwa sababu Jumamosi iliyofuata alipiga tena
kuulizia hali ya mitambo, kama mtu anayejulia hali mgonjwa,
na iliyofuata, na iliyofuata,
hadi usiku mmoja hakuuliza. Alisema,
"Leo weka ile ya mashine."

Ile ya mashine: dhu, dhu, dhu, dhu,
mapigo mia na thelathini kwa dakika,
hakuna mwimbaji, hakuna aliyeachwa,
hakuna gitaa la kukubembeleza.
Wenzangu bwenini waliuita muziki wa Wazungu wenye homa.
Nikawaambia waanzilishi ni watu weusi
wa mji wa viwanda vya magari.
Wakacheka, wakarudi kwenye kadi zao.

Mzee Aminieli hakucheka. Alinieleza hivi:
"Msimu ukichanganya, kinu kinakoboa usiku kucha.
Ukikaa nacho sana, unaanza kusikia wimbo ndani
ambao haumo. Huu wako nao unao."
Ambao haumo.
Niliyaandika kwenye jalada la kanda.
Wino umegeuka rangi ya chai.

Naipachika sasa. Utepe umelegea,
mia na thelathini imeshuka, sijui mia na kumi,
ngoma inachechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.
Zamani ningeitoa kwa aibu.
Naiacha itembee.

Nilidhani ninapiga muziki wa kesho.
Kesho ilikuja, ikaleta ada za watoto,
ikaleta miwani, ikaleta goti hili la kusukumia mlango,
na muziki wangu, maskini,
umekuwa zilipendwa kabla haujapendwa.

Namba ya kinu niliijaribu alasiri.
Aliyepokea ni binti, sauti ya haraka:
mlinzi gani, mama, wa mwaka gani?
Nikashindwa kujibu swali la pili.

Saa sita na dakika saba. Simu ya kiganjani inatetemeka
juu ya meza, karibu ipatane na ngoma.
Ujumbe, namba nisiyoijua:
"Samahani redio, mtambo wenu umekwama."

Sijibu. Nageuza kanda upande wa pili.
Jumamosi ijayo atauliza tena,
na mimi niliahidiwa moja tu.